Sio Kila Mtu Lazima Awe na Kidonda cha Kuonyesha

Juzi nimeingia kwenye kikao cha mtandaoni cha shirika moja dogo la afya ya akili, wale wanaofanya kazi na jamii mtaa kwa mtaa, walikuwa wamealika wafadhili na marafiki ili "tuwafahamu watu walio nyuma ya kazi". Wazo zuri. Kila mfanyakazi akapewa dakika chache aeleze nini kilimsukuma. Wa kwanza, kaka yake alijiua. Wa pili aliwahi kulazwa mwenyewe akiwa bado anasoma. Wa tatu amelelewa na mama mgonjwa na nyumbani hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa wenyewe. Watu wanajifuta machozi kwenye kamera, vimoyo vinapanda kwenye skrini. Ikafika zamu ya dada anayeshika rejista ya wagonjwa, mwendesha kikao akalainisha sauti akamuuliza, "Na wewe dada yetu, safari yako ya maumivu ilianzia wapi?"

Dada akajibu, "Mimi niliona tangazo la kazi, nikaomba."

Kimya. Hata kimoyo kimoja hakikupanda. Mwendesha kikao akacheka kidogo, ile cheko ya kuokoa jahazi, akasema lakini lazima kuna kitu ndani yako, fikiria vizuri, na dada wa watu akaanza kutafuta, eti kuna shangazi yake aliwahi kuwa na mawazo mengi hivi, sijui ilikuwa msongo au ilikuwa uchovu tu... Nikatoka kwenye kikao, nilishindwa kuangalia mtu mzima anatafutishwa kidonda hadharani kama mtu aliyepoteza tiketi na kondakta amemsimamia kichwani.

Huyo dada kazi yake naijua. Niliwahi kukaa naye meza moja nikisaidia kupanga mafaili. Ana daftari kubwa lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula, jina, dawa, tarehe ya kurudi, namba ya ndugu wa karibu, na pembeni nafasi nyembamba ambayo anatia nukta nyekundu kama mtu hajatokea siku yake. Mchana akishamaliza kuingiza waliokuja anaanza na nukta. Anapiga simu. "Shikamoo mama, hujambo, mimi wa kliniki. Kijana hakuja jana, anaendeleaje?" Anasikiliza. "Analala?" Anasikiliza tena muda mrefu. "Mama, hizo dawa ameziacha mwenyewe au zimeisha?" Hilo swali la mwisho anavyoliuliza, taratibu, bila kumlaumu mtu, ndilo linaloamua kama kijana atarudi kliniki au ataonekana tena baada ya miezi akiwa katika hali mbaya kabisa. Maana kuacha na kuishiwa ni mambo mawili tofauti, aliyeacha pengine dawa inamnenepesha au inamtetemesha mikono na anahitaji daktari aibadilishe, aliyeishiwa anahitaji dawa tu. Sasa wewe niambie, ukishajua shangazi yake alikuwa na mawazo mengi, hiyo simu inakuwa bora zaidi?

Hii tabia ya kumdai kila mtu kidonda ina historia na naielewa ilikotoka. Dunia nzima serikali zinatoa kiduchu kwa afya ya akili, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani nchi ya katikati kwenye orodha inatenga kama asilimia 2 tu ya bajeti yake ya afya, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki kwa mashirika, na mashirika yanaishi kwa kuomba, na ukiomba unaulizwa stori. Sio siri.

Na stori nyingine ni za kweli na ni nzito, sibishi. Clifford Beers huko Marekani alijaribu kujiua mwaka 1900, akafungiwa hospitali kama miaka mitatu hivi, akapigwa humo ndani, akatoka akaandika yote kwenye kitabu mwaka 1908 na mwaka uliofuata akaanzisha kamati ya kitaifa ya kutetea wagonjwa wa akili ambayo shirika lake lipo mpaka leo. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa wake aliyetakiwa kurudi hospitali Harare, familia haikuwa na dola 15 za nauli ya basi. Chad Varah alikuwa kasisi kijana Uingereza mwaka 1935, mazishi ya kwanza kuyaongoza yalikuwa ya msichana wa miaka 14 aliyejiua kwa sababu alianza hedhi akadhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Miaka 18 baadaye akaanzisha Samaritans, ile huduma ya kupiga simu ukiwa umefika mwisho.

Lakini angalia kinachokatwa kila stori hizi zinaposimuliwa! Ya Varah inasimuliwa mpaka kaburini halafu inarukia simu. Katikati kuna kitu ambacho kwangu ndicho kikubwa: alipoanza mwaka 1953 alidhani yeye ndiye atakayewasaidia watu, waliojitolea walikuwa wa kuwapikia chai wanaokuja na kukaa nao wakisubiri zamu. Ikaja kuonekana kwamba wengi wakishakaa na wale wa chai, wakaongea, hawahitaji tena kumuona kasisi. Kufika Februari 1954 akawaachia wao kazi ya kusikiliza. Huduma yote ile imesimama juu ya watu ambao hakuna anayejua nini kiliwasukuma, pengine mmoja alikuwa na nafasi tu siku za Jumanne. Na Chibanda vilevile, msiba ulikuwa wake ila kazi ilifanywa na akina bibi. Alipotaka kuwaletea watu huduma karibu na kwao, manispaa ilimwambia manesi wamezidiwa na ndani ya kliniki hakuna nafasi, akaishia kupewa bibi 14 pale Mbare, mtaa wa Harare, mwaka 2006 na kazi ikafanyika nje kwenye benchi. Utafiti wa kuwapima ulipotoka mwaka 2016, watu 573 katika kliniki 24, waliokaa na wahudumu wa aina hiyo walikuwa na dalili chache sana baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Waliofundishwa ni kumsikiliza mtu, kumsaidia achague tatizo moja kati ya yote yaliyomlemea, na kulitafutia hatua ya kwanza. Kazi inayofundishika, inayopimika. Hakuna aliyewapima kwa ukubwa wa machozi yao.

Sasa nije kwenye linalonichoma hasa, na hapa mnisamehe nitakuwa mrefu.

Yule wa kwanza kwenye kikao, wa kaka yake. Nilimsikia akisimulia na nikagundua ameshasimulia mara nyingi sana, kwa sababu hakuna neno lililokwama. Anajua wapi pa kusimama, anajua wapi watu watavuta pumzi. Kila fomu ya ruzuku ina kile kisanduku, kila mwandishi anaanza hapo, kila mwaka kuna video. Na kaka mwenyewe? Marehemu hakusaini fomu ya ridhaa. Mgonjwa wa leo huwezi kumpiga picha bila kumuomba, mashirika yako makali kweli kwenye hilo na ni sawa kabisa, lakini ndugu aliyekufa anatolewa kwenye kila andiko la mradi, jina lake, umri wake, mara nyingine hadi namna alivyokufa, jambo ambalo wataalamu wa kuzuia kujiua wanakataza kila siku kwa sababu linaweza kumsukuma mwingine aliye pembezoni. Na mama je? Kuna mama mahali fulani ambaye mwanae mmoja amefariki na mwingine anaishi kwa kuusimulia ule msiba, na huyo mama akikutana na jirani sokoni jirani ameshaiona video. Aliulizwa? Huenda angekubali, huenda ndiyo faraja yake, sijui ya familia za watu. Nasema tu kwamba kisanduku cha fomu hakina sehemu ya kuuliza.

Halafu anayesimulia naye ananyimwa kitu, ananyimwa kubadilika. Msiba unabadilika, mwaka huu una hasira na marehemu, mwaka kesho unamcheka kwa yale aliyokuwa anafanya, baadaye unagundua yale uliyoamini kuhusu kifo chake hayakuwa yote. Lakini stori iliyoleta pesa haiwezi kubadilika, iko kwenye brosha. Na kwa yule aliyewahi kuugua mwenyewe ni mbaya zaidi maana stori inadai awe amepona. Nilikuwa, sasa niko sawa, nawasaidia wengine. Akirudiwa anaficha, anafika kazini anatabasamu, kwenye ofisi ambayo ukutani wamebandika bango linasema kuomba msaada ni ujasiri. Beers mwenyewe alirudi hospitali mwaka 1939 na akafia huko mwaka 1943. Hicho kipande sijawahi kukisikia kwenye hotuba ya harambee na ni upuuzi, kwa sababu mtu aliyeugua, akafanya kazi kubwa miaka mingi, akaugua tena, hajamdanganya mtu yeyote. Ndivyo magonjwa haya yalivyo kwa wengi, yanakuja yanaondoka.

Haya, kuna watakaosema, na wana haki, kwamba aliyepitia anaelewa. Sawa. Nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali. Grégoire Ahongbonon ni fundi matairi, mzaliwa wa Benin, biashara ilimfia akiwa Côte d'Ivoire akafika mahali pa kutaka kujiua. Baadaye ndiye akaanza kuokota wagonjwa wa akili waliotupwa barabarani na kufungua waliofungwa minyororo kwenye miti, hana hata cheti cha uuguzi, na kwenye vituo alivyoanzisha utakuta waliowahi kuwa wagonjwa ndio wanaogawa dawa na kuendesha vituo. Mgonjwa anayeletwa na kamba mikononi akiambiwa na mtu "hata mimi nililetwa hivyohivyo", hiyo nguvu hakuna shahada inayoitoa. Ila pale stori inasemwa na nani kwa nani? Mgonjwa kwa mgonjwa, chumbani, pale inapohitajika. Sio kwa watu wenye kadi za benki.

Na uzoefu sio ujuzi, kuna watu wamepitia na wanasikiliza vibaya kuliko ukuta, kila unachowaambia wanakujibu na cha kwao.

Kitu kingine kidogo, hii habari ya "wito" ndiyo inayotumika kuwalipa watu posho badala ya mshahara, anayefanya kwa moyo ataombaje mkataba jamani.

Kwa hiyo kama unafanya kazi hizi na uliingia kwa tangazo, au kwa sababu ofisi ilikuwa karibu na kwenu, au ulikuwa unajitolea ukajikuta umebaki, baki. Ukiulizwa jibu hivyohivyo, usitafute shangazi. Na kama unacho kidonda kweli, una haki ya kusema leo hiyo siisemi, na kesho pia usiiseme, na kazi yako ikabaki kuwa kazi nzuri. Naandika hili nikimfikiria mtu mmoja hasa na akisoma atajijua, hudaiwi.

Wafadhili nao, kama mnapenda sana kujua watu walio nyuma ya kazi, maswali yapo mengi. Ulizeni nani anapiga simu mgonjwa asipotokea na vocha ananunua nani, maana nimeona bajeti ambayo video ina mstari wake na simu za ufuatiliaji hazina. Ulizeni mhudumu mmoja anabeba watu wangapi. Ulizeni dawa zikiisha wanakimbilia wapi. Ulizeni aliyekaa miaka mingi amebaki kwa nini, hilo mara nyingi lina jibu zuri kuliko aliingia kwa nini, ingawa halilizi mtu, utasikia habari za bosi mwenye akili, ratiba inayoeleweka, mwenzako anayekupokea ukizidiwa.

Na ulizeni kuhusu anayewasikiliza wasikilizaji. Kule Samaritans anayejitolea akimaliza zamu anaongea kwanza na kiongozi wa zamu, anayatua aliyoyasikia, ndipo anaondoka. Halihitaji mtambo, linahitaji mtu mmoja mwenye muda na anayelipwa kuwa na huo muda. Kwenye mashirika madogo mengi niliyoyaona hicho cheo hakipo, mtu anasikiliza habari za kujiua asubuhi hadi jioni kisha anapanda gari anarudi kwake nazo. Kama shirika unalolichangia halina huyo mtu, pesa yako ianzie hapo, na mpiga video mwambieni atapigiwa.