Taulo Langu Limo Katika Kumbukumbu za Posta

Kwa kuwa rafiki yangu aliyenitumia kifurushi amekwisha kuwasimulia kwamba nilimpokea tarishi nikiwa uchi wa mnyama, naomba nami nisikilizwe: nilikuwa na taulo. Angalau mpaka picha ilipopigwa.

Kabla ya kuingia bafuni nilikuwa nimechungulia mtandaoni, nikaelezwa kwamba kifurushi bado kimo katika kituo cha uchambuzi. Tarishi huskani vifurushi anapovipakia garini, lakini kifaa chake kikikosa mtandao, hulihifadhi tukio hilo pamoja na saa yake na kulituma baadaye. Kwa hiyo nilikuwa nikijipaka sabuni kichwani kwa utulivu wa mtu ambaye mzigo wake uko mbali, ilhali mzigo wenyewe ulikuwa mlangoni ukipiga hodi.

Nilifungua mlango kiasi cha kupitisha pua. "Samahani mkubwa, hiki ni cha rejista, hakiachwi bila saini," alisema tarishi, nami nikalazimika kujitokeza. Msimbopau ulikuwa umekunjamana chini ya gundi ya karatasi, kifaa kikashindwa kuusoma, naye akaanza kuiingiza namba kwa mkono huku akiitamka kwa sauti: herufi mbili za huduma, ya kwanza ikiwa R ya rejista, kisha tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. (Wapenda hesabu mlio humu: tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, yaani ya kunasa namba iliyoandikwa vibaya. Zile nane za mwanzo huzidishwa kila moja kwa namba iliyopangiwa nafasi yake, jumla ikagawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloiamua. Ni mpango wa busara sana kwa mtu aliyevaa nguo.) Alikuwa amepindua tarakimu mbili, kifaa kikamkatalia, akaanza upya kutoka R. Povu likanishukia machoni. Majirani ambao kwa kawaida siwaoni wiki nzima wakapita mmoja baada ya mwingine, wakinisalimu kwa heshima iliyopita kiasi.

Hatimaye namba ikakubaliwa. Nikasaini juu ya kioo kwa kidole chenye sabuni, saini ikatoka kama mnyoo aliyekanyagwa, nikadhani tumemaliza.

"Bado picha, mkubwa. Kiweke kizingitini, lebo ionekane."

Nikainama. Mkono mmoja ulishika kifurushi, wa pili ukaenda kufuta povu jichoni, na wa tatu sikujaliwa. Nikalihisi taulo likilegea kiunoni, nikalihisi likipita mapajani bila haraka yoyote, nikalihisi likiaga magoti, kisha likatua juu ya kifurushi na kukifunika chote. Hapo ndipo kamera ikalia. Na kile kifaa kilichokosa mtandao asubuhi nzima kikaupata papo hapo.

Katika huduma aliyoilipia rafiki yangu, uthibitisho humfikia pia mtumaji. Akapokea maneno "Kimekabidhiwa kwa mpokeaji, saini imepokewa", na chini yake miguu miwili yenye povu, kuanzia magotini kwenda chini (nasisitiza: magotini), na taulo. Akaniandikia: "Miguu nimeiona. Mzigo uko wapi?" Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu wengi wenu mlitumiwa.

Nikaandika kuomba picha ifutwe. Nikajibiwa kwamba ni ushahidi, hivyo itahifadhiwa mpaka muda wa madai upite. Hata hivyo haikukidhi vigezo, kwa kuwa lebo haionekani, na je, ningependa tarishi arudi kuipiga upya?