Barza ya Freddie

Papasi wa Shangani, Unguja, anayeishi kwa kuwatembeza wageni, hafi njaa ila akiishiwa na uongo, na mimi wangu haujawahi kuisha. Nikiwa na wageni nawasimamisha mbele ya barza moja, nashusha sauti: "Hapa ndipo alipokaa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, akatunga Keep Yourself Alive, santuri yao ya kwanza, huku anatazama mawimbi."

Pale bahari haionekani. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku hiyo kundini mlikuwa na babu mmoja wa Kiingereza, kaptura na soksi za magotini. Nikamwaga sera zangu zote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. Nikajua nimekwisha.

"Kijana, Freddie aliondoka hapa 1964, baada ya Mapinduzi, ana miaka 17. Queen imeanza 1970. Na wimbo huo si wake, kautunga Brian May, mpiga gitaa."

Hakuishia hapo. Demo, yaani rekodi ya majaribio, waliirekodi 1971 kule Wembley, studio ya De Lane Lea, bure kabisa, maana studio ilikuwa mpya na wenyewe walitaka watu wa kuwapigia kelele wajaribu mitambo. Santuri ikatoka Julai 1973, na Uingereza haikuingia hata kwenye chati. "Mimi niliinunua," akasema, uso ukamlainika. "Dukani tulikuwa wawili, mimi na muuzaji."

Wageni wote wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa ushaingia mfukoni kutafuta pesa za kuwarudishia.

Akadakia muuza kahawa, anayeweka mdila wake pale pale. "Mwambie huyo mzee asitupotoshe! Freddie kahawa nimemmiminia mimi, kwa mkono huu. Na kashata mbili, hajalipa mpaka leo."

Muuza kahawa kazaliwa 1985, mwaka ambao Freddie alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Live Aid. Lakini kilichonikata maini ni kibao nilichokiona nyuma ya vikombe vyake: PICHA BARZANI 2,000. Kumbe uongo wangu una duka, na mwenyewe sijawahi kupewa hata kikombe!

Nikatafsiri yote, sikuwa na la kupoteza. Babu akacheka mpaka akakohoa. Akatoa 2,000, akaongeza 1,000 ya deni la kashata, akakaa barzani, akapandisha soksi, akanikabidhi simu yake.

"Piga kutokea upande huo," akasema, "bahari ionekane."