Makaroni ya boksi yanataka kungumanga, si jibini la pili

Zimeenea video fupi za kufundisha namna ya kuliboresha boksi la makaroni na jibini. Zote zina mwendo mmoja. Boksi linapasuliwa, unga wa jibini wa njano unamwagwa, halafu zinaanza kushuka jibini za Kiitaliano, krimu, siagi nusu pakiti, na nyama ya kukaushwa ambayo huku kwetu haiingii hata mlangoni mwa jiko. Chini yake wameandika: chakula cha bei nafuu. Sahani ile imeshakula fedha ya mchuzi wa siku mbili! Kinachoniudhi ni kuwa wapo wanaofuata. Kuna kijana wa chuo aliyepanga chumba Mwanakwerekwe na jiko lake la gesi la kichwa kimoja. Kuna mama aliyelinunua boksi kwa kuwa watoto wameliona dukani wakalililia. Hawa wote wanaambiwa kwamba bila ya jibini la pili na la tatu bado hawajapika kitu.

Chakula hiki kilizaliwa na shida. Kampuni ya Kraft walikitoa Marekani mwaka 1937, uchumi ukiwa umeanguka, boksi moja kwa senti 19, na likitangazwa kuwa linalisha watu wanne. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na mgao wa nyama na maziwa, watu wakazidi kukikimbilia. Mtu aliyelinunua boksi zama zile alikuwa na sufuria, maji, maziwa kidogo na siagi, basi. Kulirundikia vitu vya gharama ni kulikosea tangu asili yake. Na sisi tulioko visiwani, Unguja na Pemba, tumeshalipia meli iliyolileta, kwa hiyo kilichobaki kitoke soko la Darajani, kitoke soko la Chake, kitoke kabatini.

Boksi lina chumvi ya kutosha, lina mafuta ukishatia siagi, lina ladha ya jibini ya kutosha pia. Halina harufu, halina ukali, halina kitu cha kutafuna. Vitu hivyo vitatu havipatikani kwa kuongeza jibini. Ukiongeza jibini unapata chumvi juu ya chumvi na mafuta juu ya mafuta.

Lakini kabla ya viungo, tuzungumze maji, maana hapa ndipo boksi linapoharibiwa na kila mtu, na maelekezo ya boksi lenyewe ndiyo yanayowapoteza. Yanakwambia uchemshe maji vikombe 6, utie makaroni, yakiiva uchuje, umwage. Unachokimwaga ni wanga, na wanga ndio unaolishika rojo. Mpishi anayejua kulitunza tui la kwanza hafai kumwaga maji haya.

Fanya hivi. Boksi la kawaida lina makaroni na unga wake karibu gramu 200. Tumia sufuria pana, maji vikombe 2 na nusu, usitie chumvi hata punje. Yakichemka tia makaroni, koroga dakika mbili za mwanzo bila kuacha, kwa sababu huo ndio muda yanapogandana na kushika chini. Baada ya hapo koroga kila baada ya dakika moja. Kwenye dakika ya nane utaona maji yamepungua mpaka makaroni yanachungulia juu, yamekuwa meupe na mazito kama maji ya wali uliokaribia kukauka, na mapovu yanapasuka polepole, yanaacha vishimo. Hapo bado kuna kama nusu kikombe cha maji. Onja moja: liwe laini lakini bado lina ukaidi kidogo katikati. Jiko la mkaa hukausha kwa kasi kuliko gesi, basi weka kikombe cha maji ya moto pembeni, uongeze vijiko viwili vitatu kama yamekauka kabla ya kuiva. Yasiwe maji baridi, yanasimamisha mapishi na makaroni yanavimba nje huku ndani mabichi.

Sasa epua. Nasisitiza: epua, sufuria iwe chini, si juu ya makaa. Tia siagi vijiko 2 vya mezani, koroga mpaka kila kipande cha makaroni king'ae. Subiri dakika moja. Kisha nyunyiza unga wa jibini, usiumwage mahali pamoja, koroga, na mwisho tia maziwa robo kikombe yenye uvuguvugu. Mpangilio huu una sababu. Unga ukikutana na maji kwanza, punje za nje hulowa na kujifunga, za ndani zinabaki kavu, na hayo ndiyo madonge ya njano yanayokaa kama vidonge kwenye sahani. Ukikutana na mafuta kwanza, kila punje inavishwa mafuta na kutengana na mwenzake, maziwa yakija yanazikuta zimetawanyika. Na moto ukiwa mkali, protini ya maziwa inajikaza, inakamua maji yake, rojo linakuwa chengachenga na mafuta yanaelea. Wengi hulaumu boksi bovu, kumbe ni moto.

Maziwa yenyewe si lazima yawe ya pakiti. Maziwa ya unga vijiko 2 vya mezani katika robo kikombe cha maji ya vuguvugu yanatoka mazito kuliko maziwa ya kawaida, na uzito huo ndio watu wanaoununua kwa jina la krimu. Yakoroge pembeni kwanza, yakishalainika ndiyo uyatie.

Hapo umeshapata makaroni mazuri kuliko ya video, na hujatoa hata shilingi zaidi. Sasa ndiyo tuje kwenye harufu.

Kungumanga. Inamea hapahapa, Kizimbani na Kidichi watalii wanalipa waoneshwe tunda lake likipasuka na basibasi jekundu limeizunguka mbegu kama wavu, na sisi tunaikumbuka kwenye chai na keki tu. Wazungu wenyewe wengi hutia kungumanga kwenye sosi nyeupe ya maziwa, wamezoea hivyo tangu zamani. Nunua nzima, usinunue iliyosagwa, kwani ikishasagwa harufu yake inapotea upesi. Iparuze kwenye matundu madogo kabisa, kiasi cha ncha ya kisu kwa boksi moja, uitie pamoja na siagi ili mafuta yabebe harufu. Usizidishe: ikifika nusu kijiko cha chai makaroni yanakuwa machungu na yananuka kama dawa, na kungumanga nyingi inadhuru. Kokwa moja itakutosha maboksi mengi sana.

Bizari ya manjano usihangaike nayo kwa ajili ya rangi. Tangu 2016 Kraft huko Marekani wameacha rangi za kutengenezwa, wakatia paprika, bizari ya manjano na zingifuri. Yaani rangi ile ya boksi inatoka kwenye vitu viwili vinavyomea kwenye mashamba yetu ya viungo, imetiwa ndani ya boksi, ikapandishwa meli kurudi kwetu. Pilipili manga, ndiyo, iliyopondwa punde hiyohiyo, robo kijiko cha chai. Thomu chembe moja iliyopondwa, ikaangwe kwenye ile siagi nusu dakika kabla ya kuitia.

Ukali una hatari yake. Jibini linapenda kitu kikali pembeni, lakini ukikamulia ndimu ndani ya sufuria, au ukitia ukwaju au tungule (nyanya) mbichi, maziwa yanakatika mbele ya macho yako. Tungule zikaangwe na kitunguu maji mpaka zikauke na mafuta yajitenge, ndipo zichanganywe, na zisizidi mbili kwa boksi. Ndimu ikamuliwe sahani ikiwa mezani. Dawa bora kuliko zote ni achari ya embe, kijiko kimoja ubavuni mwa sahani, kila mtu achovye kadiri ya ulimi wake.

Kuhusu tui la nazi watu wananiuliza sana. Linafaa, ila uchague: ama tui ama maziwa na siagi, usiyakutanishe yote, yatakuwa mazito ya kukinaisha. Robo tatu kikombe ya tui zito, ulipashe huku unakoroga mpaka lianze kutokota tu, kabla halijachemka likakatika, uepue, utie unga wa jibini, kisha ulimimine kwenye makaroni uliyoyakausha zaidi kidogo. Utamu wa nazi unahitaji pilipili mbuzi nusu na kitunguu kilichokaangwa kikawa cha kahawia, bila ya hivyo watoto watadhani ni tambi za futari zilizokosewa.

Kitu cha kutafuna ni boflo (mkate) la jana. Vipande viwili, viparuze viwe chenga, vikaange kwa kijiko kimoja cha siagi kwenye moto mdogo dakika nne au tano, ukigeuza muda wote. Mwanzo chenga zinanyonya siagi na kulegea, usikate tamaa. Halafu zinaanza kulia kwa sauti kavu kwenye kikaango, zinageuka rangi ya karanga za kukaanga. Ondoa hapohapo, zimimine kwenye sahani, maana kikaango chenyewe kitaendelea kuziunguza. Nyunyiza wakati wa kula tu. Zikikaa juu ya rojo dakika kumi zimelowa, na umerudi ulikoanzia.

Wenye kupenda ya kuoka wanaweza kupalia makaa kama ya mkate wa kumimina: mengi juu ya kifuniko cha bati, machache chini, dakika kumi au kumi na mbili. Ongeza maziwa nusu kikombe kabla ya kufunika, yaonekane ya majimaji kupita kiasi, kwa sababu makaroni yanaendelea kunywa.

Kitoweo ni juu yako. Dagaa wakavu, uwatoe vichwa, uwakaange bila mafuta, uwavunjevunje juu: kiganja kimoja kinatosha, wana chumvi yao. Jodari aliyebaki jana, akichambuliwa, atiwe mwisho. Au nyama ya kusaga gramu 200, iliyokaangwa na thomu na tangawizi.

Sasa nakubali, shingo upande, kwamba jibini la kweli lina ladha ambayo unga hauna. Mwenye nalo alitie, gramu 50 zilizoparuzwa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Lakini asiye nalo achukue zile pembetatu za kwenye kiboksi cha duara, mbili tu, azikate vipande na kuziyeyusha kwenye makaroni ya moto. Zimetengenezwa na chumvi maalumu za kuyeyushia, ndiyo maana hazikatiki, na zinalishika rojo zima pamoja nazo. Kwa matumizi haya zinalishinda jibini la gharama, ambalo likipata moto linatoa mafuta na kuvutika kama ulimbo. Na kwa jibini lolote, boksi likiwemo, anayejali kimeng'enya kilichogandishia maziwa aitafute alama ya halali kabla ya kulipa.

Nyumba ikiwa na watu sita, usinunue boksi la pili. Nunua makaroni ya kawaida ya pakiti, chukua gramu 100, uyachemshe pamoja na ya boksi kwa maji vikombe 3 na nusu. Pembeni kaanga unga wa ngano vijiko 2 vya mezani kwenye siagi vijiko 2 kwa dakika moja, usibadilike rangi, kisha tia maziwa vikombe 2 kidogokidogo, ukikoroga, mpaka uwe kama uji mwepesi. Epua, tia unga wote wa boksi, kungumanga, pembetatu mbili, kisha makaroni. Hapa ndipo unaonja chumvi kwa mara ya kwanza.

Kiporo kikilala kwenye friji kinaganda kama tofali. Usikipashe kwa maji, kitakatika. Vijiko vitatu vya maziwa na moto mdogo, umefunika. Au kiache kigumu vilevile, ukikate kwa kisu vipande vya vidole viwili, uvipakaze unga wa ngano, uvichovye kwenye yai, uvigaragaze kwenye chenga za boflo, uvikaange kwenye mafuta ya moto kama unavyokaanga katlesi. Mafuta yakiwa na uvuguvugu tu vitapasuka na kutoa rojo, kwa hiyo jaribu kwanza kwa chenga moja ya boflo: ikipanda juu na kuchemka mara moja, tia. Vikitoka, ndimu ikamuliwe juu palepale, kwani rojo limeshakaza ndani na ukali hauwezi tena kulikata.