Ukifika Bolzano, vuka daraja

Wengi wanaokwenda Bolzano kwa siku moja huishia upande mmoja wa mto. Hushuka kwenye treni, wakapiga picha uwanja wa Walther, wakamtazama Ötzi, maiti ya kale iliyohifadhiwa mjini hapa, wakala, wakarudi zao Verona au Innsbruck. Ratiba hiyo si mbaya, nami asubuhi niliifuata. Lakini anayeondoka bila kuvuka daraja la mto Talvera ameuona mji nusu, tena ile nusu iliyo rahisi.

Mji huu uko kaskazini mwa Italia, bondeni, milima ya Alps imeuzunguka pande zote. Waitaliano wanauita Bolzano, wasemaji wa Kijerumani wanauita Bozen, na majina yote mawili yameandikwa kituoni na kwenye vibao vya barabarani. Wakazi ni zaidi ya 100,000, karibu robo tatu wakiwa wa Kiitaliano. Ukitoka nje ya mji mambo yanageuka: katika jimbo zima la Tyrol Kusini, wasemaji wa Kijerumani ndio wengi. Eneo hili lilikuwa la Austria hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukalikabidhi kwa Italia. Wenyeji hawakuulizwa.

Kwenye soko la matunda la mji wa kale nilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwanamke aliyekuwa akiuza matufaha alimpimia bibi mmoja huku wakiongea Kijerumani, akageuka kupokea fedha za kijana kwa Kiitaliano, akamrudia bibi bila kupoteza hesabu ya chenji. Hakuna aliyeshangaa.

Ötzi naye anastahili foleni yake. Ni mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mwili wake ukaonekana barafuni mwaka 1991, mpakani kabisa na Austria. Amehifadhiwa katika chumba chenye baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, nawe unamchungulia kupitia kidirisha kidogo. Ngozi yake inang'aa kwa utando wa barafu. Begani alikutwa na ncha ya mshale. Aliuawa, na mtu wa kale kiasi hicho bado anaweza kukuhuzunisha.

Sasa vuka daraja. Upande wa pili unakutana na Mnara wa Ushindi, tao kubwa la marumaru nyeupe lililozinduliwa 1928 kwa amri ya Mussolini, dikteta wa Kifashisti wa Italia, mahali palipokuwa panajengwa kumbukumbu ya askari wa Austria. Nguzo zake zimechongwa kama fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, nembo ya Wafashisti. Juu kuna maandishi ya Kilatini yanayodai kwamba kuanzia hapa Waitaliano waliwastaarabisha wengine kwa lugha, sheria na sanaa. Hebu fikiria wewe ni msemaji wa Kijerumani wa enzi hizo, unasoma hayo kila siku uendapo sokoni, wakati shule ya lugha yako imefungwa na mwalimu anayefundisha Kijerumani kwa siri anaweza kukamatwa. Mwaka 1939 Hitler na Mussolini waliwataka watu hawa wachague: kuhamia Ujerumani au kubaki na kuwa Waitaliano. Walio wengi walichagua kuondoka, na makumi ya maelfu waliondoka kweli.

Wapo waliotaka mnara huo ubomolewe, na wapo walioulinda kama heshima yao. Mwaka 2002, kura ya wakazi ilikataa hata uwanja wake uitwe Uwanja wa Amani. Hatimaye, mwaka 2014, yalifunguliwa chini yake makumbusho yanayoeleza nani aliujenga, kwa nini, na nani aliumia. Hayana kiingilio. Umbali mfupi kutoka hapo, Mussolini bado yuko juu ya farasi kwenye ukuta wa jengo la serikali, na chini yake imeandikwa amini, tii, pigana. Tangu 2017, mbele ya sanamu hiyo ya ukutani yamewekwa maneno ya taa ya mwanafalsafa Hannah Arendt, kwa lugha tatu za jimbo (Kiitaliano, Kijerumani na Kiladini, lugha ya wachache wa mabondeni): hakuna mwenye haki ya kutii. Naamini huo ndio uamuzi bora kabisa uliofanywa mjini hapa. Kubomoa kungewapa watu sababu ya kusahau.

Amani ya pale sokoni haikuja kwa ukarimu tu. Austria ililifikisha suala la wasemaji wa Kijerumani wa jimbo hili Umoja wa Mataifa mwaka 1960, na usiku mmoja wa Juni 1961 nguzo nyingi za umeme zililipuliwa. Sheria ya mamlaka ya ndani ya 1972 ndiyo iliyotuliza mambo. Kazi za umma zinagawanywa kwa uwiano wa makundi ya lugha, mwombaji anatakiwa kuwa na cheti cha lugha zote mbili, na mwananchi anahudumiwa ofisini na mahakamani kwa lugha yake. Sehemu kubwa ya kodi inabaki jimboni. Mgogoro ulifungwa rasmi 1992.

Kinachoniuma ni shule. Watoto wa Kijerumani wanasoma shule zao, wa Kiitaliano zao, na lugha ya jirani kwa kiasi kikubwa inabaki kuwa somo kwenye ratiba. Naielewa hofu ya wasemaji wa Kijerumani, maana waliwahi kunyang'anywa shule zote. Lakini katika jimbo hilohilo, kwenye mabonde ya Gardena na Badia wanakoishi Waladini, watoto wanafundishwa nusu kwa Kiitaliano na nusu kwa Kijerumani, na Kiladini hakijafa. Chuo kikuu cha Bolzano, kilichoanzishwa 1997, nacho kinafundisha kwa lugha tatu: Kiitaliano, Kijerumani na Kiingereza. Kwa nini mtoto wa mjini asubiri mpaka afike chuo kikuu ndipo akae dawati moja na jirani yake? Mzazi anayetaka mwanawe asome kwa lugha zote mbili tangu darasa la kwanza apewe shule hiyo, na asiyetaka abaki na yake.