Ducati Mbioni: Hesabu Miezi, Si Kilomita

Ukitaja wazo la kukimbiza Ducati au Aprilia, pikipiki za Kiitaliano, mbele ya wapenzi wa pikipiki kubwa hapa Mombasa, jibu linakuja moja kwa moja: hiyo ni ya kupigia picha Mama Ngina, ya mbio ni ya Mjapani. Hoja hiyo ina uzito wake. Tatizo ni kwamba inachanganya ubovu wa mashine na ratiba iliyopuuzwa, kisha lawama yote inabebeshwa mashine.

Tuupe upande wa Mjapani haki yake kwanza. Suzuki SV650, iliyotoka mwaka 1999, ina silinda mbili za V kama Ducati, lakini kamshafti zake, yaani mihimili inayofungua vali, huzungushwa na cheni inayooga oili, na vali zake hufungwa na springi za kawaida. Fundi mwenye fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia pengo, na subira anaiweza. Ukianguka Jumamosi ukavunja mkono wa klachi au kifuniko cha jenereta, kwenye viwanja vingi kuna jirani atakayekuuzia. Ukianguka na Ducati 748, Jumapili unaweza kuwa mtazamaji. Kwetu hili linauma zaidi, kwa sababu Kenya haina uwanja wa lami wa kiwango cha kimataifa wa mbio za pikipiki. Anayetaka lami huitazama Afrika Kusini, Kyalami au Killarney, na pikipiki inaondoka Kilindini ndani ya kreti. Kisichotiwa kwenye kreti hakipo.

Desmo nayo ina kazi yake. Ducati hufunga vali kwa roka, yaani mkono mdogo unaosukumwa na kamshafti, badala ya springi, mfumo ambao mhandisi Fabio Taglioni aliuleta kwenye pikipiki zao za mbio mwaka 1956. Injini ya vali nne kwa silinda ina vali nane, na kila vali ina pengo la kufungulia na pengo la kufungia, kwa hivyo ni vipimo 16 kabla hujarudisha vifuniko. Kipimo kikitoka nje, unabadilisha kibati kwa kingine chenye unene tofauti, na vibati hivyo si vya kuulizia kwenye maduka ya spea za Boxer. Kwenye Ducati za modeli ya 748, 916 na 996, kromu ya roka inajulikana kwa kubambuka, na vipande vyake huanza kuila kamshafti.

Hayo yote nayakubali. Lakini injini nyingi za familia hiyo zinazokufa ghafla haziuawi na desmo. Zinauawa na mkanda wa taiming, ule unaozungusha kamshafti.

Injini ya 748 au 916 ina mikanda miwili ya mpira, mmoja kwa kila silinda. Kitabu kinasema ibadilishwe kila kilomita 20,000 au kila miaka miwili, lolote litakalotangulia. Mwenye pikipiki ya mbio husoma nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo. Piga hesabu: wikendi moja ya klabu, pamoja na mazoezi na mbio mbili fupi, ni kama kilomita 200. Mashindano sita kwa mwaka ni kilomita 1,200. Kwa mwendo huo, kilomita 20,000 zitatimia baada ya zaidi ya miaka 16! Mkanda wenyewe ulishamaliza muda wake mwisho wa msimu wa pili.

Miaka inauchosha mkanda kwa sababu pikipiki ya mbio hushinda imesimama. Mpira uliokaa miezi miwili umejikunja palepale kwenye puli hushika umbo hilo, na joto la banda la mabati na oili inayovuja polepole kwenye sili ya kamshafti huumalizia. Siku injini inapopelekwa mizunguko 10,000 kwa dakika, meno yanachanika. Kamshafti ya silinda hiyo inasimama, vali zilizo wazi zinabaki wazi, pistoni inapanda na kuzigonga. Silinda hedi imekwenda, na mara nyingi pistoni pia. Bei ya mikanda miwili ni sehemu ndogo sana ya hasara hiyo.

Kazi ya kubadilisha mikanda haihitaji fundi wa Bologna, kwao Ducati. Inataka injini iliyolala usiku kucha ikapoa, kwa sababu alumini ikiwa moto hutanuka na kuuvuta mkanda, ukapata kipimo cha uongo. Leta pistoni ya silinda ya mlalo juu kabisa mpaka alama za puli zilingane, uzitie rangi, ndipo utoe mikanda. Funga mipya, kaza kwa kipimo, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, kisha hakiki alama na mkazo upya. Wengi hupima mkazo kwa kuudonoa mkanda kama uzi wa udi na kusoma mlio wake kwa programu ya simu. Kwa injini hizi namba inayotumika sana ni karibu 110 Hz. Mkanda ukizidi kukazwa unakula beringi za puli. Ukilegea unaruka jino.

Nenda sasa kwenye motocross, mbio za pikipiki za njia ya udongo, ya hapa nchini. KTM na Husqvarna zimejaa, nazo zimetoka Ulaya vilevile, na sijasikia mtu akiziita pambo. Wenye nazo hufunga saa ya injini na kubadilisha oili na pistoni kwa masaa, hawangoji kilomita. Nidhamu hiyohiyo ikihamishiwa kwenye Ducati, sehemu kubwa ya sifa yake mbaya inaondoka. Ducati Panigale V2 ilimpa Josh Herrin ubingwa wa daraja la Supersport la MotoAmerica, mashindano ya Marekani, mwaka 2022, na mwaka uliofuata akashinda nayo Daytona 200, mbio ya takriban kilomita 320.

Pwani inadai nyongeza yake. Chumvi ya bahari huingia kwenye soketi za nyaya, na kwenye Aprilia RSV Mille soketi ya kahawia ya mfumo wa kuchaji inajulikana kwa kuyeyuka. Ikate, uunganishe waya kwa risasi ya kulehemu. Nati ya flaiwili kwenye injini za zama za 916 hulegea, hivyo ikague na uifunge kwa gundi ya nati na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa: kwa mbio hapa kwetu, miezi sita inatosha.

Mwenye fedha za pikipiki moja tu bila akiba ya spea anunue SV650, sina ubishi. Anayeitaka Ducati bila mikanda atafute Panigale. Tangu 1199 ya mwaka 2012 kamshafti zake huzungushwa na cheni. Anayeipenda 748 anaweza kushindana nayo, mradi kreti ibebe mikono miwili ya klachi, miwili ya breki, kifuniko cha jenereta, seti ya vibati, na soketi ya milimita 46 ya nati ya gurudumu la nyuma. Na akiletewa pikipiki isiyo na karatasi ya tarehe ya mikanda, asiiwashe hata kwa kuijaribu mpaka mipya ifungwe.