Mifuko Minne ya Uzi, na Akili Zangu Zimetimia

Ukionekana na kazi mbili za kufuma Kigoma hii, hukosi mtu wa kukukumbusha fisi. "Njia mbili zilimshinda fisi," atasema shangazi, jicho likiwa kwenye sweta lililoishia kwapani huku mkononi umeshika kitambaa cha meza. Wa pili atakuambia mshika mawili moja humponyoka. Wa tatu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika hata sindano ya kushonea kifungo, atauliza lile la mtoto wa fulani litaisha lini. Nawaheshimu wote, ila kwa hili hawanipati. Fisi hakuponzwa na wingi wa njia. Aliponzwa na kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Angeshika ya kulia asubuhi na ya kushoto jioni, leo tusingekuwa na cha kusimuliana.

Kwangu kuna mifuko minne. Kila mmoja una kazi yake, na kila kazi ina saa yake. Kinachoua kazi ya kufuma si kuwa na nyingi, ni kuwa na mbili za aina moja zinazogombea saa ileile ya siku. Ukiwa na vitambaa viwili vya kuhesabu, vyote vinataka utulivu wa asubuhi, na asubuhi ni moja. Hapo ndipo mtu anapoanza kusema amechoka na kufuma, kumbe amejipangia vibaya tu.

Mchana nashinda kwenye kibanda cha uwakala wa pesa, mtaani Mwanga. Asiyeijua kazi hiyo ajue kwamba unakaa, unakaa, halafu wanakuja watu watano kwa pamoja, wote wana haraka, na mmoja wao kasahau namba ya siri. Hapo siweki sindano mbili, naweka kroshia, ile sindano moja yenye ndoano nchani. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai. Mteja akisema, "Dada, naomba kutoa hamsini," nakivuta kile kitanzi kiwe kirefu, nakitia pini, natupa kitambaa kapuni na mikono iko huru kabla hajamaliza kutaja namba yake. Jaribu hivyo na sindano mbili uone. Sweta la mtu mzima linaweza kubeba vitanzi mia na zaidi, vyote viko wazi juu ya sindano moja. Sindano ikichomoka, vinateremka safu kwa safu mbele ya macho yako na mteja yupo anasubiri risiti.

Hata ndani ya kroshia nachagua. Kibandani hufumwa vipande vidogo vya mraba, vile vya kuunganisha baadaye kuwa kitambaa cha kochi. Kipande kikiisha kimeisha, hakikudai kitu. Ukikatizwa katikati, kukitazama tu unajua umefika wapi. Na rangi ni maruni, kahawia au kijani kibichi, basi. Noti za mji huu zimepita mwaloni kunakoshushwa samaki, zimeshikwa na vidole vilivyotoka kwenye dagaa, na vidole vyangu vinazihesabu kutwa. Anayetaka kufuma kitambaa cheupe kibandani kwangu namkaribisha ajaribu.

Uani ni hadithi nyingine, maana huko kuna mawese. Doa la mawese kwenye uzi mweupe wa pamba ni sugu. Utaloweka, utasugua na kila sabuni ya dukani, na ile rangi ya chungwa itakutazama tu. Kwa hiyo jioni, maharage yakiwa jikoni na watoto wanaingia na kutoka, kazi ya pale ni kofia za watoto na soksi zao, kwa uzi wa sweta wenye rangi iliyokolea, ule usio wa asili unaofuliwa ukakauka upesi. Angalizo moja tu: uzi huo ukikaribia moto unayeyuka, hauungui ukawa majivu kama sufu. Mimi kigoda changu kiko mbali na jiko la mkaa, na anayetaka kunicheka kwa hilo acheke.

Wateja wa kofia hizo wengi hawako hapa mjini. Ziwani ni joto, nani atamvisha mtoto sweta Ujiji saa nane mchana? Ni ndugu na jamaa wa huko juu, Kasulu, Buhigwe, Manyovu, ambako asubuhi za Juni na Julai zinauma. Mzigo unaondoka na mtu yeyote anayepanda huko.

Saa inayobaki ni ile ya alfajiri, baada ya swala na kabla nyumba haijaamka. Hiyo ni ya kitambaa cha nanasi, kile cha kroshia chenye maua ya umbo la nanasi. Wanaofuma wananielewa: ukikosea kitanzi kimoja safu ya tisa, safu ya kumi na tano nanasi linapinda na hakuna cha kufanya ila kurudi nyuma. Kazi hiyo inataka mwanga wa dirishani, kimya, na kidaftari pembeni. Mfuko huo hautoki nyumbani. Na ndiyo kazi ambayo siruhusu iwe na mwenzake. Akija mtu na oda ya kitambaa kingine cha nanasi, namwambia asubiri hiki kiishe au achukue cha vipande. Wengine wanaona ni maringo. Na iwe.

Mfuko wa nne ni wa treni, na huu ndio naupenda kuliko yote. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo mtu mwenye safari ya treni ana muda ambao hakuna sebule itakayompa. Lakini ni muda wenye masharti. Behewa linayumba, taa haina nguvu, jirani anataka stori, na mahali kama Uvinza au Kaliua kila mtu anainuka kuchungulia dirishani. Hesabu haiwezekani kabisa. Kinachowezekana ni sindano za nenda-rudi zisizo na maua, mgongo wa sweta au shali, mkono unajiendea wenyewe huku mdomo unajibu maswali. Natumia zile sindano zilizounganishwa kwa waya katikati. Vitanzi vyote vinalala kwenye waya, hazimchomi jirani kiwiko, na moja haiwezi kudondoka ikabingirika chini ya viti ukabaki na mwenzake mkononi. Nikifika Tabora, iwe usiku au alfajiri kutegemea treni ilivyoamua siku hiyo, nanunua asali dirishani, na mgongo wa sweta tayari unaonekana kuwa mgongo. Ila mikono uioshe kabla hujarudi kwenye uzi. Asali na uzi wa sweta havipatani hata kidogo.

Sasa, saa za siku si kipimo pekee. Hapa kwetu hata mwezi una kauli. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi zinakuwa hazina maana, na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Mama mdogo wangu anaanika dagaa Kibirizi. Siku za giza hashiki sindano kabisa, maana alfajiri mzigo unashuka na mikono ni ya kuanika, kugeuza na kufukuza kunguru. Mbalamwezi ikiingia ndipo anafungua shuka lake la kufuma. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, alikuwa na muda kuliko miaka yote, na hela ya uzi hakuwa nayo. Nikimsikia mtu anamwambia mwanamke kama huyo "maliza kwanza hiki ndipo uanze hicho", najiuliza anadhani siku zetu zinakatwa kwa rula.

Upande wa pili nao una haki yake, na sitaufunika. Kuna vitu havitaki kuachwa katikati. Mkono wa kufuma hubadilika. Ukiwa na mawazo unakaza, ukiwa na raha unalegeza, na ukiacha kazi miezi miwili ukairudia, mstari wa ulipoachia unaonekana. Kwenye shali hakuna atakayekuuliza, lakini kwenye jozi huwezi kuficha. Soksi ya kushoto iliyofumwa wakati wa mvua na ya kulia iliyofumwa kiangazi hazitafanana, na mikono ya sweta ndiyo usiseme. Dawa yake iko: mikono yote miwili unaianza pamoja kwenye sindano moja ndefu, kila mmoja na donge lake la uzi, unafuma safu huku, safu kule. Inapunguza mwendo, lakini inapoisha imeisha yote, na urefu ni mmoja.

Dawa ya jumla ni kidaftari na sindano isiyohama. Mfuko una karatasi yake ya safu niliyofika na ninachofuata, na kroshia iliyoanza kazi haitoki mle hata kama nyingine imepotea. Hili la pili watu wanalidharau. Unaazima kroshia ya milimita nne kwenye mfuko mmoja, ukirudi unashika ya tatu na nusu, na huoni tofauti mpaka kitambaa kianze kujikunja pembeni kama kimekasirika. Hata mifuko yenyewe si mchezo. Tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 tuna hii mbadala, ambayo ncha ya sindano inaitoboa mara moja. Mimi nashona yangu kwa vipande vya vitenge na naitia bitana.

Lakini mahali ambapo wingi wa kazi unaumiza kweli ni kwenye pesa, na hapo nakubaliana na mashangazi bila kubishana. Uzi wa kazi kubwa lazima ununuliwe wote kwa mara moja. Lebo ya kila donge ina namba ya kundi la rangi, na nyeupe ya kundi hili si nyeupe ya kundi lile. Dukani chini ya taa zinafanana, zikitandikwa juani kitandani utaona mstari. Mzigo unatoka Dar, na ukirudi dukani baada ya mwezi namba ile haipo tena. Kwa hiyo shuka moja ni pesa iliyolala kabatini mpaka siku litakapouzwa. Mashuka matatu kwa mpigo ni kodi ya nyumba iliyogeuka uzi. Kazi ndogo anza hata tano ukitaka, kubwa iwe moja.

Na advansi ndiyo bosi. Mfuko wenye pesa ya mtu ndani unapita mbele ya yote, hata kama saa yake si hiyo na hata kama umenichosha. Nasema hivi ingawa wateja wenyewe wanatia hasira. Yule anayelipa nusu ya pesa bila kubisha ndiye husubiri kwa adabu. Anayepiga simu kila asubuhi ni yule aliyesema, "Mbona ghali, si uzi tu huo?" Angekuwa anajua nanasi moja linakula alfajiri ngapi, angelipa akanyamaza.

Inabaki mifuko iliyokufa, maana ipo, tusidanganyane. Kazi ambayo msimu mzima wa mvua umepita hujaifungua haikusubiri, imekwisha. Ifumue. Watu wanaona huruma kufumua, wanaiweka juu ya kabati ikae na mende, na kila wakiitazama wanajiona wavivu. Uzi wa sweta na wa pamba unarudi vizuri. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe pete ndefu, ifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi isivurugike, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ianike kivulini mpaka mikunjo ilegee. Kesho yake ni donge jipya na hela ya donge imebaki mfukoni. Ule wa manyoya marefu pekee ndio usijisumbue nao, manyoya yanashikana na hautoki bila kukatikakatika. Kata vipande, jazia mto.