Ayuba Suleiman Diallo mbele ya mchoraji: heshima ya nani?

Mwaka 1733, mchoraji wa sura William Hoare alimchora Ayuba Suleiman Diallo, mtoto wa ukoo wa mashehe kutoka Bundu, katika Senegal ya leo. Ayuba alikuwa ndiyo kwanza ametoka utumwani Maryland, katika Marekani ya leo. Qatar iliinunua picha hiyo, na mwaka 2011 ikaanza kuonyeshwa National Portrait Gallery, jumba la makumbusho ya picha za sura London, kwa mkopo.

Wanaoisifu wana hoja nzito. Katika picha nyingi za Uingereza za karne ile, Mwafrika ni mtumishi mdogo aliyesimama pembeni ya bwana wake. Hapa Ayuba yuko peke yake, kanzu nyeupe, kilemba, na kitabu chenye jalada jekundu kimening'inia kifuani. Huenda ni mmoja wa misahafu mitatu aliyoiandika London kwa kichwa tu. Thomas Bluett, aliyesafiri naye, anasimulia kwamba Ayuba alishikilia achorwe na mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora nguo asiyoiona. Ayuba akamuuliza: mbona basi mnamchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Kwa hiyo nguo zile zimo kwa sababu aliyechorwa alikataa kuvishwa na wengine.

Lakini habari za safari iliyomponza ni chungu. Alitumwa Mto Gambia kuuza watu wawili kwa nahodha Mwingereza, wakashindwana bei, akawabadilisha kwa ng'ombe. Wakati wa kurudi akatekwa, akauzwa kwa nahodha yule yule. Na Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa, iliyomrudisha Gambia mwaka 1734, ilitarajia faida ya biashara kutoka kwake. Hakukombolewa kwa sababu utumwa ulionekana dhambi. Alikombolewa kwa sababu alijua kuandika Kiarabu na alikuwa mtu wa daraja. Sisi wa pwani, tunaomjua Tippu Tip, hatuwezi kujifanya kushangaa.

Hata hivyo siungi mkono wanaoiona picha hii kama pambo la wafanyabiashara tu. Macho yale yanamtazama mtazamaji bila kuomba kitu, na hilo Hoare hakulipunguza. Ninachodai ni maelezo ya ukutani. Picha nyingine ya Ayuba aliyoichora Hoare iko Virginia, mikononi mwa taasisi ya makumbusho ya Jamestown-Yorktown Foundation, jirani na Maryland alikotumikishwa. Kote kuwili, wale wawili waliobadilishwa kwa ng'ombe watajwe kwenye kibao kile kile kinachomsifu Ayuba kwa elimu yake, kwa herufi za ukubwa ule ule.